Tauni, Ghala na Ukuta

Michezo ya kompyuta wanayoikesha vijana wa zama hizi, ile ambayo ndani yake tauni imekwisha kuupitia ulimwengu, miji imebaki magofu, na mchezaji amekabidhiwa kundi dogo la waliosalimika ili awatafutie chakula, awajengee boma na awalinde usiku uingiapo, hudhaniwa na watu wengi kuwa ni uzushi wa juzijuzi, uliozaliwa pamoja na sinema za maiti watembeao. Mwenye kuichungua nasaba yake, hata hivyo, atakuta kwamba babu wa michezo hiyo hakujua zombi wala bunduki. Alikuwa mtunza ghala, na kazi yake ilikuwa kupima nafaka.

Ghala la kwanza lilikuwa la mji wa Lagash, katika nchi ya Sumeri ya kale, nalo lilijengwa kwa maneno matupu mwaka 1964 na mwalimu wa shule, Bibi Mabel Addis wa Katonah, jimbo la New York, aliyeshirikiana na wataalamu wa kampuni ya IBM katika jaribio la kutazama kama mashine yaweza kumfundisha mtoto uchumi wa watu wa kale. Mwanafunzi wa darasa la sita aliketi mbele ya taipureta iliyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali, akavikwa taji la mfalme Luduga, kisha mashine ikamchapia khabari za mavuno na kumwuliza ni nafaka kiasi gani wapewe watu wale, kiasi gani ipandwe, na kiasi gani iwekwe akiba. Hapakuwa na picha zinazokwenda wala sauti za kutisha. Msiba ulikuja kama sentensi moja katika karatasi. Na mtoto aliyekosea kugawa chakula aliiona idadi ya raia zake ikipungua kama karani aonavyo upungufu wa bidhaa katika daftari lake.

Tauni twaikuta waziwazi katika mtoto wa mchezo huo. Doug Dyment, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital, alisimuliwa khabari za mfalme wa Sumeri, akauandika upya kwa ufupi mwaka 1968 ili uingie katika mashine ndogo. Na David Ahl akauhamishia katika lugha ya BASIC, akauchapa mwaka 1973 kwa jina la Hamurabi ndani ya kitabu cha michezo 101, ambacho toleo lake la baadaye liliuzwa nakala zaidi ya milioni. Watu waliokinunua waliketi na kuipiga programu hiyo kwa vidole vyao, mstari kwa mstari, katika mashine zao za nyumbani. Na kwa njia hiyo mfalme wa Sumeri akaingia katika majumba ambayo hayakuwahi kufikiwa na mwalimu yeyote wa tarikhi.

Katika Hamurabi mchezaji hutawala kwa miaka 10. Huanza na watu 100, ekari 1,000 za ardhi na vipimo 2,800 vya nafaka ghalani; kila mtu hula vipimo 20 kwa mwaka, na kila mtu aweza kulima ekari 10, si zaidi; panya nao wana fungu lao, kwani ipo miaka ambayo hujilia sehemu ya akiba bila ya kuomba idhini. Ndani ya hesabu hiyo, kila mwaka, imo bahati mbaya ya mara 15 katika 100 kwamba tauni itashuka na kuchukua nusu ya watu. Haiulizi kama mfalme alikuwa mwadilifu au dhalimu, haitoki upande wowote wa dunia, haina dawa, na hakuna tofali liwezalo kununuliwa ili kuizuia. Inakuja, inagawa kwa 2, inakwenda zake.

Mwenye kuucheza mchezo huo kwa makini, lakini, hugundua jambo la kutia haya. Mfalme ambaye ghala lake limebaki na nafaka inayotosha nusu tu ya raia zake, na ambaye mwaka unaofuata angekuwa hana budi kuchagua nani ale na nani afe, akishukiwa na tauni hujikuta ameokoka, maadamu vinywa vimepungua na nafaka ni ile ile. Na miaka 10 ikitimia, mashine humhukumu kwa mizani mbili tu: ni watu wangapi katika kila 100 waliokufa kwa njaa, na ni ekari ngapi za ardhi zinazomwangukia kila mtu aliyebaki. Waliokufa kwa tauni hawamo katika hesabu ya njaa. Na kwa kufa kwao ekari za waliobaki zimeongezeka. Alhasili, mtawala aliyefikwa na msiba mara mbili aweza kusifiwa kuwa amewashinda Charlemagne na Jefferson, na mwenziwe, ambaye tauni haikumgusa ila ardhi yake iligawanywa kwa watu wengi, akafananishwa na Nero na Ivan wa Urusi. Iwe mwandishi alikusudia au hakukusudia, hiyo ndiyo kweli chungu kuliko zote zilizomo katika michezo ya aina hii, na waliokuja baadaye waliikwepa.

Naiita kweli kwa sababu tarikhi yaishuhudia. Tauni Kuu ilipofika Uingereza mwaka 1348 na kuwafagia watu kwa halaiki, ardhi haikufa pamoja na wakulima wake. Mashamba yalibaki yakingoja mikono, na vibarua waliosalimika wakajua thamani yao, wakadai ujira ambao baba zao wasingethubutu kuuota. Mfalme Edward wa Tatu alitoa amri mwaka 1349, na Bunge likafuatisha sheria mwaka 1351, ya kumkataza mtu kudai au kulipa zaidi ya ujira uliokuwako kabla ya maradhi. Wakubwa wa nchi walikuwa wakicheza Hamurabi karne 6 kabla ya kompyuta, na walikasirika kuona kwamba mizani imewaelemea.

Hatua ya pili katika nasaba hii ilitoka tena kwa walimu. Mwaka 1971 vijana watatu waliokuwa wakijifunza ualimu mjini Minneapolis, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walitunga mchezo wa safari ya wahamiaji waliovuka Marekani kwa magari ya kukokotwa na maksai, kutoka Missouri hadi Oregon, mwendo wa maili 2,000 hivi; nao ukachezwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba mwaka huo na wanafunzi wa Rawitsch, kwenye taipureta ya waya kama ile ya Bibi Addis. Ghala hapa lilipata magurudumu: unga, risasi, nguo na dawa zilinunuliwa kabla ya kuondoka, na kosa la dukani lililipwa mlimani. Maradhi hayakuhitaji kubuniwa, kwani kipindupindu kiliwafuata kweli wahamiaji wale, khasa tangu mwaka 1849, kikawaacha wengi wamezikwa kandokando ya njia. Lililo kubwa zaidi lilikuja katika toleo la mwaka 1985, ambamo mchezaji aliandika kwanza majina ya wenziwe wa safari. Watoto, kama ilivyo tabia ya watoto, waliandika majina ya marafiki zao, ya dada zao, ya mwalimu wao. Na baada ya hapo mashine haikusema tena kwamba nusu ya watu wamekufa, bali ilisema kwamba fulani bin fulani ameshikwa na surua, au homa ya matumbo, au amekufa kwa kuhara damu. Darasa zima lilicheka, na katika kucheka huko tauni iliacha kuwa tarakimu.

Ukuta, ambao leo ndio alama ya mchezo wa namna hii, haukuletwa na walimu. Uliletwa na watunga riwaya na watengeneza sinema. Richard Matheson, katika riwaya yake I Am Legend ya mwaka 1954, alimweka mtu mmoja peke yake katika nyumba ya Los Angeles, amezipigilia mbao dirisha zake na kutundika vitunguu saumu, mchana akitoka kutafuta vitu na usiku akiwasikiliza majirani zake waliogeuzwa na maradhi wakimwita kwa jina nje ya mlango. George Romero aliyakubali waziwazi madeni yake kwa riwaya hiyo alipotengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968, mwaka ule ule ambao Dyment alikuwa akipima nafaka za Sumeri. Na mwaka 1978, katika Dawn of the Dead, akawafungia mashujaa wake ndani ya jumba kubwa la maduka huko Monroeville, Pennsylvania, ambamo kila kitu kimo ghalani isipokuwa sababu ya kuishi. Saa zote mbili za mchezo wa kisasa zimo humo: mchana wa kutafuta na usiku wa kulinda.

Kwa hiyo Sarah Northway wa Kanada alipoutoa mchezo wake Rebuild mwaka 2011, vipande vyote vilikuwa vimekwisha kukusanyika, naye akaviunga kwa ustadi: mji umekatwa viwanja vya mraba, kila zamu ni siku moja, na mchezaji hupanga nani aende kutafuta chakula, nani alime, nani asimame lindoni, na kiwanja gani cha jirani kisafishwe ili kitiwe ndani ya ukuta. Numantian Games wa Hispania, kwa They Are Billions, uliotoka rasmi mwaka 2019, waliuongeza ukali: aliyeambukizwa mmoja tu akilifikia jumba moja, waliomo wote hugeuka na kuivamia nyumba ya pili, na ya tatu, hata mji uliojengwa kwa saa kadhaa ukaanguka wakati mchezaji anatazama. Mjuzi wa mchezo huu hujifunza kuzibomoa nyumba zake mwenyewe kabla maradhi hayajazifikia. Wakaazi wa Nairobi ya mwanzo wangemfahamu mara moja, kwani mwaka 1902, mji ule ungali kambi ya reli yenye mabanda, soko lake la Wahindi lilitiwa moto kwa amri ya daktari wa serikali kwa ajili ya tauni.

Ukuta wenyewe, je, uliwahi kujengwa kweli? Ulijengwa, na mawe yake yangali yakionekana katika milima ya Vaucluse, kusini mwa Ufaransa. Khabari yake yaanzia baharini. Tarehe 25 Mei 1720 jahazi liitwalo Grand Saint-Antoine lilitia nanga Marseille likitoka bandari za Sham, limepakia nguo na pamba, na njiani limekwisha kuzika mabaharia. Mji ule ulikuwa na karantini mashuhuri na sheria kali, ila shehena ilikuwa na wenyewe, na miongoni mwa wenyewe walikuwamo wakubwa wa mji, na mnada mkubwa wa Beaucaire ulikuwa karibu. Masharti yakalegezwa. Nguo zikashuka. Watu kama 50,000 hivi, takriban nusu ya mji, wakafa.

Maradhi yalipoanza kuenea katika Provence, watawala wa Comtat Venaissin, nchi ndogo iliyokuwa mali ya Papa, waliafikiana na Wafaransa kujenga ukuta wa mawe makavu katika mpaka wao, kiasi cha urefu wa kilomita 27 na kimo cha mita 2, wenye vibanda vya walinzi na mahandaki pale ambapo mawe hayakutosha. Na wanavijiji wakashurutishwa kuujenga, wakaumaliza mwaka 1721. Askari wa Papa wakawekwa juu yake, nyuso zao zikielekea Provence. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo tauni ikazuka Avignon, ndani ya nchi iliyokuwa ikilindwa. Hapo askari wa mfalme wa Ufaransa wakachukua nafasi za askari wa Papa, wakaulinda ukuta ule ule kutoka upande wa pili, ili walio ndani wasitoke.

Naukawia mkasa huu kwa sababu ndani yake mna hitilafu ambayo mchezo wa ukuta hauiponyi. Katika mchezo, maradhi huja kwa miguu, yakipiga kelele, kutoka gizani, na yanapokaribia huonekana. Mwenye mizinga ya kutosha na macho makali atayazuia. Katika Marseille yaliingia yamekunjwa ndani ya bidhaa, yakapitishwa na watu wanaoheshimika wenye kalamu mikononi. Aliyetakiwa kulindwa hakuwa mlinzi wa lango bali karani wa ghala. Hamurabi, isiyo na ukuta hata mmoja, ilikuwa karibu zaidi na jambo lenyewe.

Na kuna kijiji cha Eyam, katika Derbyshire ya Uingereza, ambacho tauni ilikifikia mwaka 1665, nacho kwa shauri la kasisi wao William Mompesson na mtangulizi wake Thomas Stanley kilikubali mwaka uliofuata kujifungia chenyewe ili vijiji jirani visalimike. Watu wa nje waliacha chakula mpakani, na malipo yaliachwa katika siki. Wapatao 260 walikufa, mkewe Mompesson miongoni mwao. Katika michezo yote niliyoitaja, mchezaji daima ni mzima aliyezungukwa na wagonjwa. Hakuna hata mmoja unaomweka mahali pa watu wa Eyam.

Ulimwengu wa michezo ulipata tauni ya kweli, ikiwa neno kweli lafaa hapa, pasipo mtu kuikusudia. Septemba 13, 2005, kampuni ya Blizzard iliwafungulia wachezaji wa World of Warcraft hekalu jipya ambamo jitu liitwalo Hakkar liliwapiga wapiganaji kwa damu yenye sumu, iliyomrukia kila aliyesimama karibu. Sumu ilikusudiwa kubaki hekaluni. Lakini wawindaji walikuwa na wanyama wao, na mnyama aliyeambukizwa akifichwa kisha akaitwa tena katikati ya mji, alitoka na sumu yake. Nao wauza duka na walinzi wa mji, ambao programu haikuwaruhusu kufa, waliibeba bila ya kudhurika na kuwagawia wateja. Njia za miji mikubwa zikajaa mifupa. Waganga walikimbilia mjini kuponya watu, na kwa kuwaponya wakawapa muda zaidi wa kuambukiza. Wengine wakakimbilia mashambani. Wengine, kwa ufisadi mtupu, waliibeba sumu kwa makusudi hadi pale watu walipokusanyika. Kampuni ikajaribu kuwasihi wachezaji wajitenge, wasisikie, hata ikalazimika kuzima mitambo na kuanza upya. Wataalamu wa maradhi ya kuambukiza, Eric Lofgren na Nina Fefferman, waliandika juu ya mkasa huu mwaka 2007 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, kwa kuwa hapo palionekana tabia za watu ambazo hesabu zao hazikuwa zimezitia maanani.

Kati ya michezo ya ujenzi iliyofuata, naupa daraja ya juu Frostpunk, wa mwaka 2018, wa kampuni ya 11 bit studios ya Warsaw, waliokwisha kupata sifa kwa This War of Mine, mchezo wa raia waliozingirwa vitani uliochukua ilhamu kutoka Sarajevo. Maafa ya Frostpunk ni baridi, si tauni, ila wagonjwa wamo ndani ya duara la nyumba tangu siku ya kwanza, na adui hana uso. Mchezaji hutia sahihi sheria: maiti wazikwe makaburini au watupwe shimoni katika theluji, watoto wafanye kazi au wasifanye, chakula kichanganywe na unga wa mbao au kisichanganywe. Tumerudi kwa Luduga na daftari lake, tofauti ikiwa kwamba raia sasa wanamtazama mfalme usoni na kunung'unika.

Plague Inc. wa James Vaughan, uliotoka mwaka 2012, uliogeuza mambo na kumfanya mchezaji kuwa maradhi yenyewe, sitaueleza kwa urefu. Yatosha kusema kwamba UVIKO ulipozuka mchezo huo uliondolewa katika maduka ya China, Februari 2020, na waliouunda wakatoa dola 250,000 kwa kazi ya kuudhibiti ugonjwa huo, kisha wakaongeza sehemu ambamo mchezaji huupiga vita.

Mchezo wa mwisho ninaotaka kuutaja umeileta nasaba hii mpaka milangoni mwetu. Infection Free Zone, wa Jutsu Games ya Poland, ulioanza kuuzwa Aprili 2024 ungali ukikamilishwa, haubuni mji; humwacha mchezaji achague mahali duniani, kisha huzitoa njia na majengo katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Mchezaji huteua jengo moja liwe makao makuu, huyageuza ya jirani kuwa maghala na malazi, hutuma vikosi mchana na kufunga malango usiku.

Na Dar es Salaam imo katika ramani hiyo kwa utimilifu unaozishinda nyingi za miji ya Afrika, kwa sababu ya jasho lisilohusiana na mchezo wowote. Mwaka 2011 wanafunzi na wakaazi walipita vichochoro vya Tandale wakiandika kila kilichopo. Na tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenyeji wa mitaa, walichora nyumba, mifereji na vivuko vya kata baada ya kata, kwa ajili ya mafuriko yaliyokuwa yakiwatesa watu kila masika. Vijana wa Kibera mjini Nairobi walikuwa wamefanya vivyo hivyo kuanzia mwaka 2009, katika mtaa ambao ramani za awali ziliuonyesha kama pori. Kijana wa Tandale anayetaka kuokoka tauni ya kubuni katika mtaa wake mwenyewe ataikuta kona yake, kwa kuwa mtu fulani mwenye kalamu na simu aliwahi kusimama pale akiuliza maji ya mvua hupita wapi. Na mwenziwe anayeishi katika mji ambao hakuna aliyepita kuuchora, akilitafuta jengo la kuligeuza ghala, ataonyeshwa uwanja mtupu.